RUZUKU NA KAZI YA MIKONO: MAJI, CHAKULA NA AFYA KATIKA UKAMBANI

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia



Neno "ruzuku" husikika sana siku hizi katika mikutano ya vikundi, wala si kila alisemaye ajuaye maana yake. Ruzuku si mkopo, maana mkopo hurudishwa pamoja na faida. Wala si sadaka, maana mwenye kutoa sadaka haulizi imetumiwaje. Ruzuku ni fedha ambazo Serikali au shirika fulani hukipa kikundi ili kifanye kazi iliyotajwa kwa maandishi, na fedha hizo hazirudishwi, mradi kazi ile ifanyike na hesabu yake ionyeshwe. Basi ruzuku nayo ina deni lake, ijapokuwa si deni la fedha.

Fedha za namna hii zimekuwako Kenya kwa miaka mingi na kwa majina mengi. Mwaka wa 2005 Wizara ya Kilimo ilianzisha mpango ulioitwa Njaa Marufuku Kenya, ambao ulivipa ruzuku vikundi vya wakulima na kusaidia chakula cha watoto shuleni. Tangu mwaka wa 1992 uko mpango wa ruzuku ndogo ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ambao kwa miaka mingi haukutoa zaidi ya dola 50,000 kwa kazi moja. Tena mwaka wa 2016 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Serikali ya Kenya dola milioni 200 kwa mpango wa kilimo ulioitwa NARIGP, katika kaunti 21, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwao. Jambo hili la mwisho lafaa kuangaliwa vizuri. Vikundi vilizipokea fedha zile kama ruzuku, lakini Serikali ilizipokea kama mkopo. Yaani kile ambacho kikundi hakirudishi, mlipa kodi hukirudisha, naye ni yule yule jirani auzaye nyanya sokoni.

Swali la leo ni hili: kwa nini fedha za namna moja huacha maji na chakula katika kijiji kimoja, na katika kijiji cha pili huacha kibao cha bati chenye jina la mfadhili na hakuna zaidi? Jibu laweza kutafutwa katika nchi ya Wakamba, yaani Machakos, Makueni na Kitui, kwa sababu huko mafanikio na hasara vyote viwili vimeonekana kwa muda mrefu, na habari zake zimeandikwa.

Nchi hiyo ni kavu. Mvua zake ni mbili kwa mwaka, na zile za Oktoba hadi Desemba ndizo ambazo wakulima wengi huzitumaini kuliko zile za Machi hadi Mei. Mito yake mingi si mito ya siku zote. Mvua ikinyesha milimani, mto hushuka kwa kishindo, hupita na udongo wa mashamba, na baada ya muda mfupi hubaki mchanga mtupu ambao watoto huuchezea.

Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni, ikiona jinsi ardhi ya Machakos ilivyokuwa ikichukuliwa na maji, ilidhani kwamba dawa yake ni kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa wakauzwa kwa bei isiyowapendeza wenyewe. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi wakakaa huko kwa majuma mengi wakitaka kuonana na Gavana. Mwishowe amri ile ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliondolewa, ijapokuwa Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa akahamishiwa Lamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilitoa fedha nyingi kwa wilaya hiyo, katika mpango wake wa miaka 10 ulioanza mwaka wa 1946, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta siku zilizowekwa. Fedha zilikuwako, jembe lilikuwako, hata askari wa kusimamia kazi alikuwako. Lakini matuta ya lazima yalikuwa membamba, na mengi yalibomoka, maana yule aliyeyachimba hakuyahesabu kuwa ni mali yake.

Katika miaka ya 1950 mambo mawili yalibadilika. La kwanza ni kwamba kazi ile ilianza kufanywa kwa njia ya mwethya. Mwethya ni desturi ya zamani ya Wakamba: mtu mwenye kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kulima kabla ya mvua, huwaita jirani zake, nao huja na majembe yao, naye huwapikia chakula, siku nyingine ni zamu ya mwingine. Vikundi hivyo vilichagua viongozi wao wenyewe, na wengi waliofanya kazi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta mshahara. La pili lilikuwa ni tuta lenyewe. Wakulima walilipenda lile liitwalo "fanya juu", ambalo mtaro huchimbwa na udongo hutupwa upande wa juu wa mteremko, na baada ya miaka kadhaa shamba hujisawazisha kama ngazi.

Mwaka wa 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya habari za Machakos. Walionyesha kwamba watu wa wilaya hiyo walikuwa kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, nao walifika karibu 1,400,000 mwaka wa 1990. Hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua, wala haukuzidi. Sehemu kubwa ya matuta yaliyoonekana mwaka ule ilikuwa imechimbwa na wakulima wenyewe, bila ya amri ya mtu.

Basi kutoka hapo yafaa kwenda kwenye kazi ambayo yaonyesha vizuri zaidi mahali pa ruzuku ni wapi, nayo ni bwawa la mchanga.

Mwaka wa 1978, Joshua Mukusya na jirani zake huko Machakos walianzisha kikundi cha kujisaidia cha Utooni. Kazi iliyokipatia jina ni kujenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu. Ufundi wenyewe haukuwa mpya kabisa, kwani yako mabwawa ya namna hii yaliyojengwa Ukambani tangu miaka ya 1950. Katika Kitui nako shirika la SASOL lilianza kazi hiyo katika miaka ya 1990, na wenyeji wa huko wamejenga mamia ya mabwawa pamoja nalo.

Mtu asiyeliona bwawa la mchanga hudhani kwamba anadanganywa. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto toka ukingo hadi ukingo, juu ya mwamba. Mto ushukapo huleta mchanga. Mchanga ulio mzito huzama nyuma ya ukuta, na matope yaliyo mepesi hupita juu yake na kwenda zake. Baada ya misimu kadhaa ya mvua, nyuma ya ukuta pamejaa mchanga mpaka juu, na mgeni apitaye hudhani kwamba kazi imeharibika. Kumbe sivyo. Katikati ya chembe za mchanga kuna maji, kadiri ya robo ya ukubwa wake wote na pengine zaidi ya theluthi. Jua haliwezi kuyakausha upesi, kwa kuwa yamefunikwa. Mbu hawapati mahali pa kutaga. Mchanga wenyewe huyachuja. Na maji hayo huingia polepole katika kingo za mto, hata visima vya karibu hupanda na miti hupata nguvu.

Sasa iangaliwe hesabu yake. Kikundi hakiwezi kutengeneza saruji, wala nondo, wala hakina fundi wa kupima mwamba. Vitu hivi hununuliwa kwa fedha, na bwawa moja laweza kula mamia ya mifuko ya saruji. Hapo ndipo mahali pa ruzuku. Lakini mawe yako kijijini. Mchanga uko mtoni. Maji ya kuchanganyia saruji huchotwa na wanachama. Mtaro wa msingi huchimbwa na wanachama. Kikundi cha watu 30 kikifanya kazi siku 3 kwa juma, kwa muda wa majuma 10, kimetoa siku 900 za kazi. Siku hizo 900 ziandikwe katika barua ya kuomba ruzuku, na zihesabiwe kwa ujira wa kibarua wa mahali pale, maana hizo ni fedha ambazo kikundi kimekwisha kuzileta mezani. Vikundi vingi huona haya kuandika jambo hili, kana kwamba jasho si mali. Huandika tu kile wasicho nacho, na mwenye kusoma barua ile hawezi kujua kwamba mbele yake kuna watu ambao tayari wamebeba mawe tangu mwezi wa Julai.

Tena liko jambo ambalo halionekani katika picha za mabwawa. Kabla ya ukuta kujengwa, mashamba ya juu yake yapasa kuchimbwa matuta. Yasipochimbwa, mto huleta matope mengi mno badala ya mchanga, na matope hayatoi maji. Yako mabwawa yaliyojengwa kwa haraka ili fedha zimalizike kabla ya mwaka wa hesabu kwisha, nayo sasa yamejaa matope. Yako mengine ambayo ukuta wake haukufika kwenye mwamba, na maji hupita chini; au mabawa yake ya kando yalikuwa mafupi, na mto ukatafuta njia yake pembeni ukauacha ukuta umesimama peke yake kama mlango usio na nyumba. Saruji ya kule ilikuwa ni saruji ile ile. Lililokosekana ni mtu wa kijiji mwenye haki ya kusema, "Ngojeni, hapa si pake." Wazee wajuao mto unavyopita wakati wa mafuriko makubwa hawahitaji cheti cha chuo ili waulizwe.

Kwa habari ya afya, bwawa laweza kuleta heri kubwa, lakini si kwa kujengwa tu. Akina mama na wasichana ambao zamani walikwenda mwendo wa saa nyingi na mtungi hupata wakati wa kulima mboga, na watoto hupata wakati wa shule. Kando ya bwawa hupandwa sukuma wiki, nyanya na vitunguu, na kitalu cha miche ya miembe. Hata hivyo, maji ya shimo lililochimbwa mchangani, ambalo punda na ng'ombe hulikanyaga na kulinywea, yaweza kuleta kuhara na homa ya matumbo kama maji ya dimbwi lo lote. Kwa hiyo yafaa fedha za pampu ya mkono, na za birika la mifugo lililo upande wa chini mbali na mahali pa kuchotea, ziombwe pamoja na zile za ukuta, wala zisiachwe kuwa jambo la baadaye. Hata penye pampu, maji ya kunywa ni bora yachemshwe. Kikundi kilichoomba ukuta peke yake kimeomba nusu ya kazi.

Maji ni upande mmoja. Upande wa pili ni ghala, na hapa yapasa kukumbusha msiba ambao watu wa Makueni na Kitui hawajausahau. Mwaka wa 2004, baada ya mavuno mabaya, watu walianza kuugua ugonjwa wa ini: macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba. Watu 317 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na katika hao 125 wakafa. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981 huko Machakos watu 20 walipatwa na ugonjwa huo huo na 12 wakafa. Sababu yake ilikuwa ni mahindi. Kuvu fulani huota juu ya nafaka isiyokauka, nayo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Waliougua walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe au ya soko la karibu, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Na wengine waliyaweka ndani ya nyumba walalamo, kwa kuogopa wezi katika mwaka wa njaa.

Hapa ndipo chakula na afya viwapo jambo moja kabisa. Mwenye njaa hawezi kutupa mahindi yake, na yule aliyeyala ndiye aliyekufa. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Kukoboa mahindi, kama afanyavyo mama apikaye muthokoi, huipunguza, lakini haiiondoi yote. Pombe ya nafaka mbovu si salama, na kuku au ng'ombe akilishwa nafaka ile naye hudhurika. Ng'ombe hata huipitisha katika maziwa.

Dawa yake ni ukavu, na ukavu hauna gharama kubwa. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai. Yasipukuchuliwe kwa kupigwa na fimbo ndani ya gunia, maana punje iliyovunjika ndiyo kuvu iipendayo. Unyevu usizidi sehemu 13 katika 100 ikiwa yatawekwa kwa muda mrefu. Kikundi kikipata ruzuku kidogo, chaweza kununua turubai za kutumiwa kwa zamu, mashine ya kupukuchua, kipima unyevu kimoja kwa kijiji kizima, na mifuko isiyopitisha hewa au mapipa ya bati ya kuhifadhia. Vitu hivi havina sifa kama jengo lenye jiwe la msingi, wala hakuna mheshimiwa ajaye kukata utepe mbele ya turubai. Pengine ndiyo sababu huombwa mara chache. Wakulima waweza pia kumwuliza Bwana Shamba habari za Aflasafe, dawa iliyoandikishwa Kenya mwaka wa 2015, ambayo humwagwa shambani kabla ya mahindi kutoa maua. Ndani yake kuna kuvu isiyo na sumu ambayo huifukuza ile yenye sumu.

Na wasio na kipima unyevu wasikae bure. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, mtie mahindi mpaka theluthi yake, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Zibeni, mtikise kwa nguvu, halafu iacheni itulie kwa muda wa dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji, yarudisheni juani. Ikianguka yote chini na chupa ikabaki safi, yamekauka kiasi cha kuwekwa ghalani. Jambo hili laweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano, tena yafaa afundishwe yeye kwanza, kwa maana atalisema nyumbani kila siku mpaka lifanywe.

Sasa kwa habari ya fedha zenyewe zikiisha kupatikana. Hapa ndipo vikundi vingi vilivyoanza vizuri hufa, wala havifi kwa njaa, hufa kwa shibe. Kabla ya ruzuku kuja, wanachama walichanga shilingi 50 kwa juma, na kila mmoja alijua mweka hazina ana kiasi gani. Siku ambayo benki huandika mamia ya maelfu katika hesabu ya kikundi, mara wenye sauti kubwa huanza kukutana kando. Safari za kwenda mjini huongezeka. Semina hufanywa katika hoteli juu ya jambo ambalo lingeelezwa chini ya mwembe. Saruji hununuliwa kwa ndugu wa mwenyekiti kwa bei ambayo duka jingine lisingethubutu kuitaja. Mama mmoja akiuliza swali mkutanoni huambiwa kwamba analeta chuki, na baada ya siku hiyo haji tena. Na pamoja naye huondoka mikono iliyobeba mawe.

Liko pia kundi jingine, la wale ambao hawakuwa kikundi tangu hapo. Watu watano huandika majina ya jamaa zao, hupiga muhuri, na ofisi yao ni mkoba wa katibu. Na yuko mtu wa tatu, ajaye kijijini na kusema kwamba yeye anaujua mlango wa wenye fedha, ila kwanza atolewe shilingi elfu kadhaa za "fomu". Fomu za ruzuku haziuzwi. Mtu huyo aulizwe jina lake na mahali pa kazi yake mbele ya wote, na jibu lake liandikwe. Mara nyingi hataingoja kalamu.

Kinga ya mambo haya inajulikana, nayo si ya gharama. Fedha zikae benki kwa sahihi za watu watatu wasio wa nyumba moja. Kabla ya kununua kitu kikubwa, bei ziulizwe katika maduka matatu na karatasi zake zihifadhiwe. Kila shilingi itokayo iwe na risiti, na risiti zisomwe kwa sauti mkutanoni, kwa lugha ambayo bibi wa miaka 70 huielewa, iwe Kikamba au lugha nyingine ya mahali hapo. Katika Makueni, baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013, iliwekwa desturi kwamba mkandarasi wa kazi ya umma halipwi mpaka kamati ya wananchi wa mahali pale itie sahihi kwamba kazi imefanyika ipasavyo. Wakandarasi wengine waliona uzito, kama ilivyotazamiwa. Lakini jambo lile laweza kuigwa na kikundi kidogo kabisa: fundi wa ukuta asilipwe malipo yake ya mwisho mpaka wale waliobeba mawe waukague ukuta.

Na katika kuandika maombi, maneno makubwa hayasaidii. Barua isemayo kwamba kikundi chataka "kuondoa umaskini na kuinua hali ya maisha" hufanana na barua nyingine mia moja zilizo juu ya meza ile ile. Afadhali iseme ni nyumba ngapi zichotazo maji mahali fulani, ni mwendo wa saa ngapi, ni miezi gani mto hukauka, mwaka jana ni magunia mangapi yaliyooza, na ni watoto wangapi waliopelekwa zahanati kwa kuhara. Habari hizi hakuna mtaalamu wa mjini awezaye kuwa nazo. Wanachama wawili wenye daftari waweza kuzikusanya katika muda wa juma moja wakipita nyumba kwa nyumba, na wamwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji afuatane nao, kwa sababu yeye hujua wagonjwa walipo.

Neno la mwisho ni juu ya siku ambayo mfadhili huondoka, kwani huondoka. Mwaka wa 2025 shirika la misaada la Serikali ya Marekani, USAID, ambalo lilikuwa limefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, lilifungwa, na kazi zake nyingi zilisimamishwa hata kabla ya kufungwa kwenyewe. Kliniki nyingine zilipoteza wafanyakazi, na vikundi vilivyokuwa vikingoja fungu la pili la fedha havikulipata. Hawakuwa wamefanya kosa lo lote. Uamuzi ulikatwa ng'ambo. Wenyeji husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," lakini mgeni hulala siku zake na kushika njia.

Kwa hiyo kila kikundi kiombapo ruzuku yafaa kijiulize mapema: pampu ikivunjika mwaka wa tatu, nani atanunua mpira wake? Vikundi vingine hutoza kila nyumba ichotayo maji shilingi chache kwa mwezi, na fedha zile haziguswi ila kwa matengenezo. Vingine huuza miche ya kitalu. Vingine hurudi kwenye mwethya, na kila baada ya mvua kubwa wanachama hukutana mtoni kuziba ufa ukiwa bado mdogo. Mambo haya yaamuliwe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa, na kuandikwa katika katiba ya kikundi.

Kwa wale ambao bado hawajaandikishwa: Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 yataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Waende katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii iliyo karibu nao, wakichukua kumbukumbu za mkutano ulioamua kuandikisha kikundi, orodha ya wanachama pamoja na namba za vitambulisho vyao, majina ya viongozi waliochaguliwa, na katiba. Habari za ukaushaji wa nafaka huulizwa kwa afisa wa kilimo wa wadi. Na ikiwa ni bwawa, yafaa maombi yapelekwe mapema katika majira ya kiangazi, ili fundi aweze kuuona mwamba kabla ya mvua za Oktoba kuufunika.